Barua kwa mwanangu: mnavyotaka kumuenzi Mchungaji Sullivan

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na mama yako aliisoma kwa sauti, kwa hiyo ugomvi wa chama chenu nyumba nzima inaujua.

Unasema umoja wenu wa Waafrika Mashariki hapo Philadelphia unataka kumuenzi Mchungaji Leon Sullivan, yule Mmarekani mweusi wa hapo mjini kwenu, na mmegawanyika. Wengine wanataka chakula cha jioni kila Oktoba, mwezi aliozaliwa, na ngao za heshima juu yake. Wengine wanaona hizo ni fedha za kutupa. Ukaniuliza mimi niliyeshuhudia mkutano wa Arusha ningekaa upande gani.

Mkutano ule wa kuwakutanisha Waafrika na Wamarekani weusi, wa nane kubeba jina lake, ulifanyika AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa, mwezi Juni 2008, Rais Kikwete akiwa mwenyeji. Mchungaji mwenyewe alikuwa amefariki tangu Aprili 2001. Sisi wa SACCOS tulipata nafasi ya kuingia. Nakumbuka barabara zilizofungwa, misafara ya wakubwa, na wageni wa kutoka Marekani, vitambulisho vikiwaning'inia shingoni, wakiulizia bei ya batiki kwa furaha kabisa. Ukumbini kila aliyesimama alilitaja jina la marehemu. Nilikaa nikisubiri mtu aeleze fedha alizipataje, maana mhasibu hana swali jingine. Hakutokea. Ikabidi nijisomee mwenyewe baadaye, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Mwaka 1962, akiwa mchungaji wa Zion Baptist hapo mjini kwenu, alihubiri habari ya mikate na samaki, kisha akawaomba waumini 50 watoe dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Walijitokeza zaidi ya 200. Mpango ukaitwa 10-36. Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo akili ya mtu huyu ilipo. Miezi 16 ya kwanza, yaani dola 160, ilikwenda kwenye mfuko wa hisani, wa elimu na mambo ya jamii. Hiyo imekwenda, hairudi. Miezi 20 iliyobaki, dola 200, ikaingia kwenye kampuni ya uwekezaji, na aliyemaliza miezi yote alipata hisa yake moja na haki ya kukaa kwenye mkutano wa mwaka wa wenye hisa.

Nimefanya kazi na wanachama wa kuweka na kukopa maisha yangu yote. Mtu akijiunga leo, kesho anauliza mkopo unatoka lini, na keshokutwa gawio. Yule mzee alianza na kutoa. Aliyekuja kwa tamaa alichoka mwezi wa tano akaondoka, na waliobaki walikuwa watu ambao ungeweza kwenda nao benki. Halafu hakuchanganya mifuko. Vyama vingapi hapa kwetu vimekufa kwa sababu fedha ya msiba, ya ada za watoto na ya biashara zilikaa kwenye akaunti moja, na mweka hazina ni shemeji wa mwenyekiti? (Mama yako anasema nisianze.)

Fedha hizo ndizo zilizozaa nyumba za kupangisha, kisha mwaka 1968 Progress Plaza, hilo soko unalopita kwenye Broad Street, la kwanza la aina yake Marekani kujengwa na kumilikiwa na watu weusi. Usidhani tangu hapo mambo yalinyooka. Duka kubwa la vyakula lilifungwa, na mtaa ukakaa zaidi ya miaka kumi bila duka la maana la kununua mboga. Jengo likakarabatiwa, duka jipya likafunguliwa mwishoni mwa 2009, na Februari 2010 Michelle Obama akafika kulitazama. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha umiliki. Kama jengo lingekuwa la tajiri wa mbali, lingeuzwa zamani, na nyinyi msingekuwa na la kulijadili leo.

Kabla ya hisa alikuwa ameshajaribu njia nyingine. Mwaka 1960 yeye na wachungaji wapatao 400 waliwaambia waumini wao kutoka mimbarini wasinunue keki za Tasty Baking, hizo hizo unazosema watoto wanazipenda. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi weusi, ila si madereva wa kuuza wala makarani wa ofisini. Walisusia majira yale ya kiangazi mpaka kampuni ikakubali, wakahamia kampuni nyingine. Martin Luther King alimwita Atlanta akawaeleze wenzake njia hiyo, na kwa King ikaitwa Operation Breadbasket.

Lakini milango ilipofunguka, akaona watu hawana ujuzi wa kuingia nao. Ndipo mwaka 1964 akaanzisha OIC, shule ya mafunzo ya kazi, ndani ya kituo cha polisi kilichoachwa, ambacho jiji lilimpangisha kwa dola moja kwa mwaka. Kabla ya mashine mtu alifundishwa kusoma, hesabu, na jinsi ya kujieleza mbele ya mwajiri. OIC ikaenea miji mingi ya Marekani, ikavuka hadi Afrika.

Habari za General Motors, kampuni ya magari, mnazijua nyote, sitazirefusha. Aliingia bodi yake mwaka 1971, mtu mweusi wa kwanza, na mwaka 1977 akaandika kanuni za makampuni ya Marekani yaliyokuwa Afrika Kusini: kazi sawa malipo sawa, hakuna vyoo wala meza za kula za kutenganisha rangi. Wapo wapigania uhuru waliosema kanuni hizo zinayapa makampuni kisingizio cha kubaki, na nadhani walikuwa na hoja. Yeye mwenyewe mwaka 1987 alitamka kwamba hazikuvunja ubaguzi, akayataka makampuni yaondoke huko. Mtu kuikosoa kazi yake mbele ya dunia nzima si jambo dogo. Mlitaje hilo, hata kama linapunguza utamu wa hotuba.

Kuhusu hilo la chakula cha jioni, wakumbushe wenzako yaliyotokea mwaka 2012. Mkutano wenye jina lake ulipelekwa Guinea ya Ikweta, kwa Rais Obiang, aliyekuwa ameshika nchi tangu 1979. Watetezi wa haki za binadamu walipiga kelele, na wao ndio waliosema kweli. Marehemu hawezi kuuliza nani analipia ukumbi. Ngao zikianza, mfadhili atakuja, na mfadhili akija atataka picha.

Kwa hiyo mimi niko na kundi la pili, ila nalo lina kasoro: linajua lisichokitaka tu. Chukueni 10-36 kama ilivyo. Kiwango mtakipanga wenyewe, dola 10 za 1962 zilikuwa fedha nzito. Akaunti mbili, watia saini watatu wasio ndugu, hesabu zisomwe kila robo mwaka. Mfuko wa kwanza ulipie mafunzo ya wageni wapya, maana uliniambia wapo wauguzi wetu wanaoosha vyombo kwa sababu vyeti vyao havijatambuliwa. Kampuni ije baadaye. Na mwanasheria wa huko aisome katiba kabla ya senti kuingia, sheria zenu za hisa si za kuchezea.

Rasimu ya katiba naweza kuwaandikia wiki hii. Nitumie kwanza majina ya walio tayari kusaini miezi 36. Walionyoosha mikono mkutanoni usiwahesabu.

Baba yako,
Arusha