Anza na Mwiko: Kwa Wanaobuni Mahali Patakatifu Katika Fantasia

Nikisoma hadithi za fantasia za waandishi chipukizi hapa Nairobi, mara nyingi nakutana na pango linalong'aa, mti unaonena au ziwa linalomfufua shujaa. Shujaa anafika, nuru inamshukia, anaondoka na nguvu mpya. Baada ya hapo mahali pale hapatajwi tena hadi hadithi inaisha. Ushauri ninaoutoa kila mara ni huu: usianze na nguvu ya mahali, anza na mwiko wake. Ukishajua kisichofanywa pale, na kinachompata anayekifanya, nguvu hujitokeza yenyewe.

Tazama makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda huko pwani. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya misitu hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ukienda Kaya Kinondo, karibu na Diani, utafungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na hutatoka na kitu chochote cha msituni, hata jani. Kwa mila za makaya, fingo, yaani kago la ulinzi, huzikwa ndani kuulinda mji, na si kila mtu anayejua lilipo. Hujaona muujiza, lakini mwili wako tayari umejua kwamba umevuka mpaka. Kaniki ndiyo iliyoifanya kazi hiyo.

Katika nchi moja niliyoibuni kuna chemchemi chini ya jabali, na maji yake huondoa homa. Hayo tu hayana hadithi. Nikaweka mwiko: anayekuja kuteka lazima aweke rehani jembe la nyumba yake kwenye jiwe la mpakani, wala haliondoi mpaka mwezi uandame tena. Sasa fikiria mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa, na mawingu ya masika yamekwisha kutanda. Akiteka maji, mtoto atapona, lakini mbegu zitakaa kibuyuni wakati majirani wanapanda. Ataazima jembe kwa nani? Hapo akazuka mtu ambaye sikumpanga kabisa: tajiri anayeishi karibu na chemchemi, mwenye ghala la majembe, anayeazimisha kwa sharti la kupewa nusu ya mavuno. Hana uchawi hata chembe, naye ndiye mtu anayeogopwa kuliko wote katika bonde lile. Mwiko ndio uliomzaa.

Kwa hiyo, kabla hujaeleza mahali pako panafanya nini, andika wanaofika pale wanaacha nini. Kisiwe kitu cha thamani ya jumla kama dhahabu au damu, ambavyo tumevizoea mno. Kiwe kitu ambacho maisha ya mtu huyo yanakihitaji kesho asubuhi.

Swali la pili ninalouliza ni dogo, nalo limeokoa hadithi nyingi katika kikundi chetu: nani hufagia hapo? Binti mmoja alituletea pango la mizimu, limepambwa vizuri, lina taa zisizozimika. Nikamuuliza swali hilo. Akanijibu, "Hakuna, mwalimu. Ni pango tu." Nikamwomba akae nalo wiki nzima. Aliporudi, pango lilikuwa na mfagiaji, mwanamume wa makamo aliyerithi ufagio kwa mama yake, asiyeamini mizimu, ila anakula kwa sadaka za wanaoiamini. Kila asubuhi hukusanya mayai yaliyoachwa usiku na kuwapelekea watoto wake. Nilipofika kwenye yale mayai, nilijua tumepata hadithi. Maswali yalitiririka yenyewe: je, mizimu inajua? Inaridhia? Na huyu asiyeamini akifa, ufagio utashikwa na nani?

Patakatifu pana walinzi, warithi, wapinzani na watu wanaotaka kupita na barabara. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kwenda mbali kuliona hilo. Ilipojengwa barabara ya mwendokasi ya kupita Westlands, mugumo mkubwa, mti ulio mtakatifu kwa Wakikuyu, kando ya Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe, na watu wakapiga kelele. Novemba 2020 ikatoka amri ya rais kwamba mti uachwe. Hebu ifikirie nchi yako ya kubuni namna hiyo: mfalme mwenye ramani, wahandisi wenye mkataba, na mti mmoja katikati ya njia. Nani atamwendea mfalme, na atazungumza kwa lugha ipi, ya uganga au ya sheria?

Kuna simulizi nyingine ya mugumo inayonivutia hata zaidi. Husimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utawala wa Waingereza utakoma siku mugumo wa Thika utakapoanguka, na kwamba wakoloni waliuzungushia chuma usianguke. Kisha ukaanguka mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Uzito wa simulizi hiyo, kwangu mimi, uko kwenye kile chuma. Adui anayedai haamini ameanza kuutunza mti kwa woga. Ukimpa adui wa hadithi yako tendo kama hilo, msomaji ataamini nguvu ya mahali bila wewe kuitaja.

Adhabu ya kuvunja mwiko nayo isije haraka. Radi inayompiga mkosaji papo hapo hunichosha. Wangari Maathai alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao Nyeri, penye kijito alikocheza utotoni. Miaka ilipita, mti ukakatwa, na kijito kikakauka. Baadaye alielewa kwamba mizizi ya mugumo hupenya mwambani na kuyafungulia njia maji ya chini kwa chini. Mwiko ulikuwa unalinda maji ya kijiji kizima, na adhabu yake haikumchagua aliyeshika shoka. Katika hadithi yako pia, adhabu iwapate hata wasio na hatia, tena wakati aliyekosea amekwisha kusahau.

Kuhusu sura ya mahali penyewe nitasema machache. Nenda ukapaone mahali pa kweli kabla hujaandika. Mapango ya msitu wa Karura yako hapa hapa mjini, na inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Simama ndani uone macho yanavyohitaji muda kuzoea giza, jinsi harufu ya popo inavyokupokea kabla hujaona chochote, na jinsi sauti yako mwenyewe inavyokushtua. Na ukidhani maajabu ya kubuni yanashinda ya dunia, soma kuhusu Ol Doinyo Lengai kule Tanzania, mlima ambao Wamasai wanauheshimu kama makao ya Mungu: lava yake hutoka nyeusi, nyepesi kama matope ya mvua, kisha ikipoa na kupata unyevu hugeuka nyeupe.

Jambo la mwisho nalisisitiza sana. Mengi ya mahali hapa bado ni ibada ya watu walio hai. Vigango vya Wamijikenda, nguzo zinazosimamishwa kwa ajili ya wafu, viliibwa vingi na kuuzwa ng'ambo kama mapambo, na familia zimebaki na pengo hilo. Usiifanye kalamu yako iwe mwizi wa pili. Jifunze jinsi mwiko unavyofanya kazi, kisha buni wako: jina lako, kitu chako cha kuachwa mpakani, walinzi wako. Ukilazimika kutumia kaya au mlima wa kweli kwa jina lake, watafute wazee wake, keti nao, uulize. Na wakikuambia kuna jambo lisiloandikwa, liache nje ya hadithi.