Pikipiki ya mipigo miwili inayokataa kuwaka

Ndugu yangu wa mtaa wa Himbi, nimeelewa kwamba pikipiki yako ya mipigo miwili ilikaa miezi kadhaa bila kutumika, na sasa kiki ni nzito kama kawaida lakini injini haiwaki. Kabla ya kugusa kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, fungua bujia (plagi inayotoa cheche) uitazame.

Ikiwa imelowa, petroli inafika ila haichomwi. Irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye silinda mbali na tundu, kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto upesi, kisha piga kiki utazame cheche. Ikiwa hafifu, weka bujia mpya kwanza. Ni ya bei nafuu kuliko koili inayoipa umeme.

Ikiwa ni kavu, mwaga petroli ya zamani na usafishe jeti ndogo ya kabureta, kipande cha kupitishia petroli ambacho tundu lake jembamba huzibwa na utando unaoachwa na petroli iliyokaa. Changanya petroli mpya na oili kwa kipimo cha mtengenezaji: kwa 1:32 (sehemu moja ya oili kwa 32 za petroli), lita moja huhitaji takriban mililita 31 za oili. Kagua pia chujio la hewa, maana vumbi la volkano hapa Goma halina huruma.

Cheche na petroli vikiwepo na bado haiwaki, nashuku sili za krankshafti, yaani mipira inayoziba pande za mhimili mkuu wa injini, kwani zikivuja, mchanganyiko haupandi vizuri kwenye silinda. Hapo usifungue injini mwenyewe. Tafuta fundi anayezijua hasa injini za mipigo miwili, kwa kuwa wengi wa hapa wamezoea za mipigo minne.