Diski ya Nje Inapogoma Katikati ya Kusakinisha Maktaba za Sampuli: Ushauri kwa Wanaoanza

Maktaba za sampuli, yaani mikusanyiko ya sauti za ala zilizorekodiwa ili mtunzi azipige kupitia kompyuta, hasa za okestra na za piano zilizorekodiwa kwa maikrofoni nyingi, hufikia gigabaiti 50, 100 au hata zaidi, na ndiyo maana watunzi wengi huziweka kwenye diski ya nje badala ya kujaza diski ya kompyuta. Kinachosahaulika ni kwamba kusakinisha maktaba ya ukubwa huo ni kuiandikia diski mfululizo kwa saa kadhaa bila kuipumzisha. Diski iliyohifadhi picha na nyaraka kwa miaka miwili bila tatizo lolote inaweza kugoma ndani ya dakika ishirini, na anayeanza kazi hii huamua papo hapo kwamba imekufa. Mara nyingi haijafa. Mimi nimejizoeza kutouliza kwanza kama diski ni nzima au mbovu, bali kuuliza inakwama wapi, na kama inakwama mahali palepale kila mara.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kujaribu tena, chukua karatasi uandike asilimia iliyofikiwa, jina la faili iliyokuwa inaandikwa na ujumbe wa kosa neno kwa neno. Rudia usakinishaji bila kubadilisha chochote, kisha uandike tena. Najua inachosha, lakini majaribio mawili au matatu yaliyoandikwa yatakuokolea siku nzima ya kubahatisha.

Ikiwa usakinishaji unakufa kwenye faili ileile kila mara, kuna wahalifu watatu wa kuwachunguza. Wa kwanza ni mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga na kuhifadhi faili. Diski iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tupu ya terabaiti nzima, na baadhi ya visakinishi hutoa ujumbe wa kupotosha kwamba nafasi haitoshi. Wa pili ni kifurushi chenyewe ulichopakua, ambacho huenda kiliharibika njiani. Kama mtengenezaji ametoa alama ya uhakiki ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka kwenye faili, ilinganishe na ya faili yako: kwenye Windows amri ni certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, na kwenye Mac ni shasum -a 256. Ukikosa alama hiyo, sakinisha kifurushi hichohicho kwenye diski nyingine. Kikikwama palepale, diski yako haina hatia, pakua upya. Wa tatu ni sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya diski visivyohifadhi tena data vizuri, na huyo nitamrudia baadaye kwa sababu anahitaji tahadhari ya pekee.

Papo hapo angalia pia nafasi kwenye diski ya mfumo, hata kama umeelekeza kila kitu kwenye diski ya nje. Visakinishi vingi hupakua vifurushi vilivyobanwa kwanza, huvifungua kwenye folda ya muda, kisha ndipo huhamisha faili zilizofunguliwa, na folda hiyo ya muda mara nyingi iko kwenye diski ya kompyuta. Maktaba ya gigabaiti 80 inaweza kudai karibu mara mbili ya ukubwa huo hadi kazi iishe. Ukiona diski ya mfumo inajaa huku diski ya nje ikiwa imetulia, tafuta kwenye mipangilio ya programu mahali pa kubadilisha folda ya upakuaji.

Hali ya pili, ambayo ndiyo iliyonifundisha zaidi, ni ya kukwama mahali tofauti kila mara. Nilikuwa nikisakinisha maktaba ya ala za nyuzi. Mara ya kwanza ilikwama kwenye asilimia 61, mara ya pili 34, mara ya tatu 78. Niliifomati diski mara mbili, nikapakua vifurushi upya, na nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kudai nibadilishiwe diski. Jioni moja, wakati usakinishaji ukiendelea, nilivaa vipokea sauti na kuwasha kifaa changu cha kurekodia ili nijaribu kipande cha wimbo. Diski ilitoa mlio mdogo wa "tik", ikanyamaza kama sekunde mbili, kisha nikaisikia ikianza kuzunguka upya, na kompyuta ikalia ile sauti ya kifaa kilichochomolewa. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Diski, kinanda cha MIDI na kifaa cha kurekodia vyote vilikuwa vinanyonya umeme kutoka kwenye habu, yaani kigawanyio cha matundu ya USB, moja ndogo isiyo na adapta yake ya umeme.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kawaida, tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski ya kuzunguka isiyo na adapta hutumia sehemu kubwa ya kiasi hicho, hasa inapoanza kuzunguka, na habu isiyo na umeme wake hugawanya kile kidogo inachopata kutoka kwenye tundu moja la kompyuta. Nilichomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta na usakinishaji ukafika mwisho kwa mara ya kwanza. Barua nikaifuta.

Kwa hiyo, makosa yanapotangatanga, shuku umeme na kebo kabla ya kushuku diski. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: kwanza ondoa habu, kisha badilisha tundu, kisha badilisha kebo. Ukibadilisha vyote kwa pamoja tatizo linaweza kuondoka, lakini hutajua lilikuwa wapi, na litarudi siku utakaporudisha kebo ya zamani. Jihadhari pia na kebo za USB-C zilizokuja na chaja za simu. Nyingi hupitisha data kwa kasi ya USB 2.0 tu, na kazi ya saa moja ikawa ya usiku kucha. Mwisho, zima usingizi: kwenye Mac ondoa mpangilio wa kulaza diski, na kwenye Windows zima ule unaoruhusu matundu ya USB kusimamishwa ili kuokoa umeme.

Hali ya tatu si kukwama bali kukokota. Usakinishaji unaanza kwa kasi ya megabaiti 120 kwa sekunde, kisha baada ya muda unashuka hadi 10 au chini yake, na kisakinishi kinakata tamaa. Diski nyingi za kuzunguka za bei nafuu hutumia teknolojia ya SMR, ambamo njia za data hupandana kama vigae vya paa. Diski hizo huandika haraka kwenye eneo dogo la akiba, na eneo hilo likijaa hulazimika kupanga upya njia zilizopandana, ndipo kasi inapoporomoka. Diski za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, nazo zina akiba inayojaa, na zikipata joto hujipunguzia kasi zenyewe. Katika hali hizi hakuna kilichoharibika. Sakinisha maktaba kwa mafungu, na uipe diski nusu saa ya kutulia kati ya fungu moja na jingine.

Sasa turudi kwa sekta mbovu. Programu kama CrystalDiskInfo au smartmontools husoma taarifa za SMART ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake, ingawa baadhi ya makasha ya USB hayazipitishi. Kwa diski ya kuzunguka, tazama namba 5, inayohesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, na namba 197, inayohesabu sekta zinazosubiri uamuzi. Zikiwa juu ya sifuri na zinaendelea kupanda, diski inaelekea kufa. Namba 199 huwachanganya wengi: inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na saketi iliyo ndani ya kasha, kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu kebo ya USB iliyo nje.

Ukishathibitisha kwamba diski inaelekea kufa, acha kuandika chochote kwenye diski hiyo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kukimbilia amri ya Windows ya chkdsk /r, ambayo hupitia uso mzima wa diski na kuitesa wakati ambapo tayari inapumua kwa shida. Nakili kwanza miradi yako ya muziki, kwa sababu maktaba unaweza kuipakua tena lakini wimbo uliotunga mwenyewe huwezi.

Kuhusu kufomati diski mpya, anayetumia Windows pekee achague mfumo wa faili wa NTFS, na anayetumia Mac pekee achague APFS kwa SSD. Mfumo wa exFAT husomeka na kuandikika pande zote mbili, lakini hauna kumbukumbu ya mabadiliko ya kuukinga pale kebo inapochomolewa ghafla, na mimi huutumia pale tu ninapolazimika kuhama kati ya kompyuta mbili.

Usakinishaji ukikamilika, ipe diski jina la kudumu, na kwenye Windows ipe pia herufi ya mbali kama S au T. Vinginevyo siku moja utachomeka diski nyingine kwanza, herufi zitabadilishana, na kicheza sampuli, yaani programu inayopiga sauti za maktaba, kitadai kwamba maktaba nzima haipo.