Shamba la bondeni linaharibika kiangazi, sio masika

Watu wanaotaka kukodi shamba la mpunga huku bonde la Kilombero huwa wananiuliza kitu kimoja tu, mafuriko yanafika wapi. Sawa, ni swali la maana, ila mi nawaambia ulizeni pia mpunga ukishavunwa shamba linafanywaje, maana mto ukipanda unaacha tope jipya na lile tope ndo mbolea yetu ya bure, kinachomaliza ardhi ni ile miezi ya Julai mpaka mvua zirudi.

Moto ndo wa kwanza. Mabua yanachomwa ili pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mkono, ipite kirahisi, na kweli inapita, lakini naitrojeni, ile ile iliyomo kwenye urea, karibu yote inapaa na moshi, alafu potashi, chakula kingine cha mpunga, inabaki kwenye majivu yanayosombwa na upepo na mvua za mwanzo. Na mpunga potashi yake nyingi iko kwenye mabua sio kwenye punje! Mtu anachoma bure alafu msimu ukija analia urea imepanda bei.

Ng'ombe mi sina ugomvi nao, wakiingia shamba limekauka wanakula mabua wanaacha samadi, hamna shida. Shida ni wakiingia udongo bado mbichi, kwato zinaushindilia. Chimba kidogo na jembe uangalie mizizi, ukikuta imeshuka kama shubiri moja alafu imekunja kwenda pembeni ujue chini pamekaza. Kwenye jaruba la kuchavanga, yani lile la kukoroga tope na maji kabla ya kupanda, hilo tabaka gumu linasaidia kushika maji, ila kwa sisi wa kutegemea mvua, ikikata kidogo tu mpunga unanyauka.

Kikubwa kuliko vyote lakini ni mfereji wa kukausha. Ule udongo mweusi chini ya matete ni majani ya miaka na miaka yaliyokosa hewa ndo maana hayakuoza yakaisha, sasa ukitoa maji hewa inaingia, bakteria wanaanza kula. Misimu ya mwanzo unavuna mahindi mpaka unacheka, na hapo ndo watu wanaponasa, maana baadae ardhi inashuka, inapasuka nyufa, jembe linagonga mfinyanzi wa kijivu na ule weusi haurudi leo wala kesho, hata umwage samadi vipi. Kama huna namna chimba mfereji wa kina kifupi, mvua zikiisha uzibe na viroba vya mchanga ili unyevu ubaki.

Na ukionyeshwa kipande kinachogusa mto, hata kama ni bei ya kutupa, achana nacho. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na isitoshe yale matete ya pale ndo yanazuia mchanga usije kukufunika mpunga mto ukifurika.