Fomu ya kutafuta nyumba haileti kitu

SWALI: Nina tovuti ya nyumba za kupanga hapa Arusha. Fomu inauliza eneo, vyumba na kodi ya juu. Mteja akichagua Njiro tu, akaacha mengine wazi, haipati hata nyumba moja, na zipo. Shida nini? – Msomaji, Sakina

JIBU: Sehemu isiyojazwa hufika kwenye seva kama maandishi matupu, si NULL (yaani hakuna thamani kabisa). Hoja yako (query, ombi la data) basi inasema kodi <= '', na MySQL, programu ya hifadhidata, inaigeuza hiyo kuwa 0, na nyumba ya bure Njiro utaitoa wapi?

Anza hoja na WHERE 1=1, sharti ambalo ni kweli daima. Kwa kila sehemu iliyojazwa, na hiyo tu, ongeza sharti lake, mfano AND eneo = ? (alama ya ? ni nafasi ya thamani), huku thamani yenyewe ikiingia kwenye orodha ya vigezo kwa mpangilio uleule. Kamwe usiibandike thamani ndani ya hoja yenyewe; wadukuzi hupitia hapo.

Kwa sehemu iliyoachwa wazi, wengi hukimbilia LIKE '%', yaani maandishi yoyote. Inaonekana sawa, lakini rekodi zenye NULL hupotea kimyakimya.

Kama tovuti imeandikwa kwa PHP, kipimo cha empty() huihesabu "0" kuwa tupu. Kujua kama sehemu imejazwa, tumia trim($kodi) !== ''.