Nimebadilisha jina la picha, mbona bado inakataa?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Natumia iPhone, picha zake nikizihamishia kwenye kompyuta zinakuja na .heic mwishoni, na fomu ninayojaza mtandaoni inapokea jpg na png tu. Nikazibadilisha majina zote, nikafuta heic nikaandika jpg, bado inakataa. Halafu kuna logo ya kikundi chetu, ilikuwa png isiyo na rangi nyuma, nimeigeuza jpg imetokea boksi jeupe, nikairudisha png na boksi bado lipo! Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana, na wala hauko peke yako, hili la kubadilisha jina wengi tumelipitia. Zile herufi za baada ya nukta ni lebo tu, hazigusi kilichomo ndani. Jaribu hivi: chukua picha yoyote ya png, iite jpg, halafu ifungue kwa Notepad. Utaona takataka nyingi za herufi, lakini mwanzoni kabisa, baada ya alama moja ya ajabu, imeandikwa PNG. Faili inajijua yenyewe ni nani hata ukiibandika jina gani, na ile fomu yako inasoma humo ndani.

Kwa hiyo lazima ifunguliwe na programu inayoielewa, halafu i-seviwe upya. Kwenye Mac ni Preview, unaenda File, Export, unachagua JPEG. Kwenye Windows mimi napenda GIMP, ni ya bure na toleo jipya linafungua heic vizuri, na kama picha ni mia mbili usikae kufungua moja moja, weka ImageMagick, programu inayobadilisha picha kwa amri za kuandika, nakili picha zote kwenye folda moja, kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kwenye folda hiyo na humo andika magick mogrify -format jpg *.heic na inakutolea jpg zote huku heic zako zikibaki salama. Apple walianza na heic mwaka 2017 kwenye iOS 11 kwa sababu inakula nafasi ndogo, kama nusu ya jpg, kwa hiyo siyo fomati mbaya. Ila kama inakusumbua kila siku ingia Settings, Camera, Formats, weka Most Compatible, picha utakazopiga kuanzia hapo zitakuwa jpg.

Zile tovuti za kubadilisha picha bure zinafanya kazi, sikatai, lakini tafadhali usipandishe humo picha ya kitambulisho au ya mtoto, maana unaikabidhi kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na mara nyingi picha ya simu imebeba ndani yake hadi mahali ilipopigwa.

Sasa logo. Jpg ni ya 1992, imetengenezwa kwa ajili ya picha za kamera, na haina kabisa uwezo wa kuweka sehemu inayopitisha mwanga, kila nukta ya picha (pikseli) lazima iwe na rangi, ndo maana programu ikakujazia nyeupe. Ukirudi png unahifadhi hiyo hiyo nyeupe, kilichopotea hakirudi. Na siyo boksi tu: ikuze hiyo logo mpaka 400% uangalie pembeni mwa herufi, utaona vumbi-vumbi limezunguka. Jpg inakata picha vipande vya nukta 8 kwa 8 na kutupa vile inavyodhani jicho halitaviona, kwenye sura ya mtu au majani hushtuki, kwenye maandishi meusi juu ya nyeupe inaonekana wazi, na kila uki-edit na ku-sevu tena inatupa vingine. Picha za kamera zipeleke jpg, mara moja, mwisho wa kazi, kwenye ubora wa 85 au 90 hivi. Logo, skrinshoti na maandishi viache png. Gif usiiguse kwa hizi, ina rangi 256 tu.

Hiyo ya boksi achana nayo, mrudie aliyewatengenezea muombe png ya mwanzo, au afadhali zaidi svg (faili la mchoro wa mistari, siyo wa nukta) kama anayo, hiyo mtaitoa png ya ukubwa wowote bila kufifia.