Mdogo wangu, Dar haiishii Mlimani City

Juzi usiku kuna binti mmoja wa mwaka wa kwanza ameniandikia, anasema dada mimi niko Dar tangu chuo kifunguliwe na mpaka leo najua njia tatu tu, hosteli kwenda lekcha, lekcha kwenda kula, na Jumamosi Mlimani City kuangalia vitu ambavyo sinunui halafu narudi. Anasema anaogopa, mwenzake wa chumbani alikwapuliwa simu akiwa amekaa dirishani kwenye daladala na kwao wameshampigia kumwambia asitembeetembee. Mwishoni kauliza, "Dada wewe ulianzaje kuijua Dar?"

Nikacheka kwanza. Halafu nikanyamaza, maana huyo ni mimi kabisa, mwaka 2022.

Namjibu hapahapa ili na wengine wasome, kwa sababu mko wengi. Kwenye grupu mnajifanya watoto wa mjini ila mtu akisema tukutane Mnazi Mmoja mnatafuta boda ya elfu saba.

Mimi nimetokea Songea. Safari yenyewe sitaielezea, ni siku nzima umekunja magoti, Makambako baridi, Mikumi watu wote mnaamka kutafuta twiga, halafu usiku unashushwa Mbezi na begi limeshachanika zipu. Wiki za kwanza nazo hazina cha kusimulia, ni foleni za usajili tu. Mambo yalianza bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilipotoka.

Nilikuwa nahitaji koti la maabara na kila mtu anasema la bei rahisi liko Kariakoo. Chumbani tulikuwa wanne na wenzangu watatu wote wamekulia hapahapa, Tabata, Mbezi Beach na Kigamboni. Kuwauliza njia ilikuwa ni suala la sekunde kumi. Sikuuliza. Niliona aibu, na nataka uelewe hapo mdogo wangu, sikupotea kwa sababu mji ni mkubwa, nilipotea kwa sababu sikutaka kuonekana mshamba.

Nikatembea mpaka kituo cha Simu 2000. Kelele za pale unazijua, wapiga debe kila mmoja anakuvuta mkono. Nikamuuliza mmoja, Kariakoo? Akasema panda sista, unashukia Buguruni unaunganisha. Sikujua kuunganisha ndo nini lakini nikapanda, nikakaa siti ya nyuma kabisa na begi nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Gari la Kariakoo lenyewe lilikuwa limepaki nyuma yangu hatua chache tu, hilo nilikuja kulijua baadaye sana.

Sasa Buguruni ilipofika mimi ningejuaje? Konda ameita mara moja tu kwa ile sauti yao ya kumeza maneno, watu wameshuka wengine wamepanda, gari hilo limeondoka. Nikawa nasubiri kuona kibao cha KARIAKOO. Tukapita Tazara, nikaona uwanja wa ndege, na hapo ndege ikapita juu yetu chini kabisa, magurudumu yametoka, tumbo lake lote naliona, nikasahau hata kuogopa. Mbele kidogo konda anaita "Banana, Banana washukeee", nikajua anatania au anauza ndizi. Tukasonga tena, nasikia "Mombasa! Kuna wa Mombasa?"

Jamani. Moyo uliruka. Mimi Mombasa ninayoijua iko Kenya na sina hata pasipoti.

Mzee wa pembeni yangu ndo akanishtukia. Mwanangu unaenda wapi? Kariakoo baba. Akanitazama muda mrefu kidogo, akasema Kariakoo umeshaiacha mbali sana, sasa tulia tu, hapa tunaenda Gongo la Mboto. Nilishuka Gongo la Mboto jua linazama, simu ina chaji asilimia tatu, mfukoni buku mbili na zile za koti nimezificha kwenye soksi. Nikasimama mbele ya mama mmoja anakaanga mihogo nikaanza kulia. Kulia kabisa, na kamasi.

Yule mama hakuniuliza mambo mengi. Alitoa mihogo vipande vitatu kwenye mafuta, akapasua katikati, akapaka pilipili, akanipa kwenye gazeti, akasema kula kwanza. Halafu ndo akauliza kwetu wapi. Nikamwambia Songea. Akapiga makofi! Kumbe yeye ni Mmatengo wa Mbinga, akaanza kunitania palepale kwamba Wangoni mlisifiwa vita kumbe daladala tu linawashinda. Halafu akaniambia kitu ambacho mpaka leo natembea nacho, kwamba ukipotea Dar usishuke, kaa humohumo kwenye gari, kila daladala lina mwisho wa njia na kila gari linarudi lilikotoka. Akamwita kijana wake akanipeleka mpaka kwenye gari la kurudi na akamwambia konda huyu ni mwanangu, asishuke kabla ya Simu 2000.

Nilifika chumbani saa tatu kasoro. Ningenyamaza ningekuwa salama, lakini nilikuwa na njaa ya kuongea, nikasimulia yote, mpaka ile ya Mombasa. Walicheka mpaka mmoja akashuka kitandani. Hiyo sawa, hata mimi ningecheka. Kilichoniuma ni kwamba asubuhi nakuta stori iko kwenye grupu la darasa, watu zaidi ya mia mbili, na yule wa Tabata ndo kaiandika, kaongezea na chumvi kwamba nilikuwa namuuliza konda mpaka wa Kenya uko wapi. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mboto. Mboto njoo, Mboto umefanya swali la pili? Nilikuwa nacheka nao. Usiku silali.

Najua kuna mtu atasema dada mbona jambo dogo. Sawa, dogo. Lingekuwa lako ungesema hivyo?

Basi nikanunua daftari la mia tano nikajiwekea sheria. Kila Jumamosi ambayo hakuna testi, buku tano mfukoni, napanda gari moja mpaka mwisho wa njia, nashuka, nazunguka saa moja au mbili, nakula kitu cha pale, narudi na gari lilelile. Sichagui sana. Jumamosi hii Mbagala Rangi Tatu, ijayo Tegeta, ijayo Kimara, ijayo Chanika. Wakati ule nauli ya njia fupi ilikuwa jero, mwishoni mwa 2023 ikapanda mia sita, kwa hiyo bajeti yako iongeze kidogo. Kwenye daftari nilikuwa naandika majina ya vituo kwa mpangilio wake, jinsi konda anavyovitamka, sio vinavyoandikwa. Kwa sababu ramani ya Google itakuonyesha barabara vizuri tu, ila konda hashushi mtu barabarani kwa ramani, anashusha kwa majina. Dar ina Mombasa, ina Morocco iko Kinondoni, ina Argentina iko Manzese. Sinza kuna Kwa Remmy, ni yule mwanamuziki Remmy Ongala, amefariki 2010 ila makonda bado wanamwita kila siku kuanzia alfajiri. Hayo ndo madarasa yenyewe.

Na mistari ya rangi kwenye daladala sio urembo, ni njia. Nilikaa miezi miwili sijui hilo.

Safari niliyoipenda kuliko zote ni ya Kivukoni. Nenda asubuhi, sisi wa chuo tunapenda kuamka saa nne Jumamosi, siku hiyo jikaze. Soko la samaki la Feri saa moja asubuhi ni kitu kingine, chini kumelowa, viatu vya wazi usivae, madalali wananadi mafungu kwa sauti ambayo huelewi hata tarakimu moja ila wenye biashara wanaelewana kwa kuinua kidole. Nilimuona mama mmoja mnene amebishana na dalali juu ya pweza mpaka nikajua wanapigana, kumbe wanataniana, mwisho kampa kwa bei yake na kumbebea mpaka kwa wakaangaji. Toka hapo panda pantoni, nauli mia mbili tu, uende Kigamboni. Mia mbili! Watu wanatafuta hela ya kwenda Zanzibar kupiga picha baharini na hapa kuna bahari ya mia mbili. Simama pembeni kwenye chuma, geuka nyuma uangalie mji unavyorudi nyuma, lile kanisa la Azania Front na paa lake jekundu, mnara wa kanisa la Mtakatifu Joseph, halafu maghorofa ya vioo yamewasimamia nyuma yao. Nilivuka nikarudi, nikavuka tena. Mkaguzi akaniuliza sista umesahau nini ng'ambo?

Kutoka hapo unaweza kutembea kwa miguu mpaka Sanamu ya Askari, ile iliyosimamishwa 1927, singe yake imeelekea bandarini, halafu uende Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Beba kitambulisho cha chuo. Mle ndani ndo kuna habari za Zinjanthropus, lile fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, nililikariri kwenye historia kidato cha kwanza nikapata na alama zangu bila kujua linafananaje. Ila kilichonigusa sio fuvu. Nilifika kwenye mambo ya Majimaji, nikasoma pale, nikaona aibu mwilini. Kwetu Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, mji wenyewe umebeba jina la nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani 1906, na mimi nimezaliwa pale, nimepita mbele ya geti lile na ndoo ya maji kichwani, sijawahi kuingia hata siku moja. Mpaka nimepanda basi siku nzima kuja kusomea habari za kwetu huku Posta, katikati ya Dar. Likizo iliyofuata kitu cha kwanza nilichofanya ni kuingia. Baba mdogo alinishangaa, akajua nimetumwa na chuo.

Sio kwamba kila Jumamosi ilikuwa nzuri. Karume kwenye mitumba nilinunua raba nyeupe, nzuri, buku nane. Wale jamaa wanapanga mguu mmoja tu juu ya turubai, mwingine uko kwenye kiroba. Mimi nikajaribu mguu mmoja, ukanikaa, akanifungia haraka haraka gizagiza linaingia. Kufika hosteli yote miwili ni ya kushoto. Na mmoja namba 38 mwingine 40. Siku hiyo sikusimulia mtu. Kwa hiyo mdogo wangu, mwambie atoe mguu wa pili, uvae yote, utembee hatua tano, hata akununie. Na wao wananuna kweli.

Sasa nije kwenye hofu yako, maana naona nimejisifia vya kutosha. Vibaka wapo, sitakudanganya. Simu weka ndani, dirishani usitoe, gari likiwa limesimama ndo usitoe kabisa. Ukitaka kuuliza njia, muulize mtu ambaye hawezi kuondoka, mama ntilie, muuza vocha, fundi viatu, mtu mwenye meza yake. Usimuulize aliyekuja kukuuliza wewe kama umepotea. Boda ukimuuliza umbali atakwambia mbali, hata kama ni hapo nyuma ya ukuta. Rudi kabla ya giza. Na simu weka ndani, narudia, ninyi hamsikii.

Lakini hofu isikufanye ukae miaka mitatu kwenye kilima cha chuo. Sensa ya 2022 imehesabu watu zaidi ya milioni tano na laki tatu mkoa huu, asilimia kubwa wanaamka wanapanda hayohayo magari unayoyaogopa na wanarudi salama wakiwa na nyanya zao. Wewe unajiandaa kuja kuwa mhandisi, mwanasheria, afisa mipango wa jiji la watu ambao hujawahi kukaa nao siti moja? Utapangaje Tandale kama hujawahi kufika Tandale? Tunamaliza na GPA za nne hatujui mihogo ya Gongo la Mboto inauzwaje, halafu tunaita wengine washamba. Naomba nisiendelee hapo maana nitakasirika.

Anza na Jumamosi hii. Pantoni, mia mbili. Ukishindwa panda tu gari la kwanza unaloliona, ufike mwisho, urudi nalo.

Halafu nikwambie kitu. Wiki iliyopita yule wa Tabata, ndiyo yeye, kapata usaili wa fildi huko Kibada na hajui hata pa kuanzia, kumbe Dar yake nayo ilikuwa ni Tabata, shule na Mlimani City. Akanitafuta saa tano usiku. Nilimwandikia panda la Gongo la Mboto, nikakaa naliangalia lile neno kama dakika mbili hivi, nikafuta. Nikamwelekeza vizuri kabisa, gari gani mpaka Kivukoni, avuke na pantoni, akishavuka apande gari gani, ashukie wapi, nikamwambia na asikae dirishani.

Kesho yake saa mbili asubuhi meseji ikaingia. "Nimefika mapema. Asante sana Mboto."

Nimeisoma. Tiki zimegeuka bluu, na mpaka leo sijajibu.